Maji Yaliyo Chini ya Miguu: Safari ya Mtua

Msafiri atazamaye yaliyo juu ya nchi tu huona miti, na nyumba, na watu. Bali yule aulizaye habari za ardhi aikanyagayo huona zaidi, maana hufahamu kwa nini watu wanakaa hapa wala hawakai pale. Leo nataka kuwasimulia safari yangu ya Mtua, katika wilaya ya Nachingwea. Nalikwenda huko kumtazama ndugu yangu mwezi wa Oktoba, nao ndio mwezi ambao katika nchi ile ya kusini vijito vimekauka na mvua haijaja bado. Sikwenda kwa ajili ya maji, lakini habari ya maji ndiyo niliyorudi nayo, nami naona si vema kuinyamazia, kwa kuwa hapana nyumba isiyohitaji maji.

Nilitoka Lindi asubuhi kwa gari la abiria. Njia hufuata bonde la mto Lukuledi kwa mwendo mrefu. Mto huu hutoka bara, upande wa Masasi na Nachingwea, ukashuka mashariki hata kuingia katika hori ya Lindi. Ukielekea bara, upande wako wa kushoto utaona uwanda wa juu wa Makonde, umesimama kama ukuta mrefu. Na upande wa kuume utaona uwanda wa Rondo na nchi za juu za Wamwera. Mgeni hudhani kwamba hizi ni safu mbili za milima. Sivyo. Ni mabaki ya nchi moja pana ya mawe ya mchanga, na mto Lukuledi ndio uliokata katikati, kidogo kidogo, kwa muda usiohesabika kwa vizazi vya wanadamu.

Labda mtu atauliza: Mchanga huo ulitoka wapi? Wataalamu wa mawe wasema kwamba zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita bahari na mito mikubwa viliweka mchanga na udongo katika nchi hii, tabaka juu ya tabaka, hata vikashikana vikawa mawe. Katika tabaka zilizo chini zaidi, zenye umri wa miaka milioni 150 hivi, ndimo ilimoonekana mifupa ya wanyama wakubwa ajabu pale Tendaguru, kaskazini ya Lindi. Kuanzia mwaka wa 1909 mpaka 1913 mamia ya watu wa nchi hii waliichimba mifupa ile, wakaichukua vichwani mpaka pwani, ikapelekwa Ujerumani. Mnyama mmoja amesimamishwa katika nyumba ya makumbusho mjini Berlin, na urefu wake kwenda juu wapita mita 13. Basi mifupa ile ni shahidi kwamba ardhi hii ina historia ndefu kuliko yetu sote.

Sasa sikilizeni tabia ya mawe ya mchanga. Mvua ikinyesha juu ya uwanda wa Makonde, maji hayakai juu wala hayafanyi mito. Hunywewa na mchanga papo hapo. Huzama chini, yakapita katikati ya chembe za mchanga, mpaka yakute tabaka la udongo wa mfinyanzi au mwamba mgumu usiopitisha maji. Hapo hugeuka, yakaenda kwa ubavu, polepole sana, hata yatokee nje chini ya ukuta wa uwanda kuwa chemchemi. Kwa hiyo juu ya uwanda mna mashamba mazuri na hewa njema, lakini hapana maji. Na maji yako chini, mahali ambapo wazee hawakutaka kukaa. Katika karne ya 19 watu wengi walipanda juu wakijificha katika vichaka vya uwanda kwa hofu ya vita vya Wangoni na ya wateka-watumwa. Walipata usalama, lakini mama zao na binti zao waliulipia usalama ule kwa miguu, wakishuka genge na kupanda tena, mtungi kichwani, saa nyingi kila siku.

Nilipofika Ndanda niliona jambo hili kwa macho yangu. Ndanda iko chini ya ukuta wa uwanda wa Makonde, na maji hububujika huko hata wakati wa kiangazi. Wamisionari Wabenedikto walikuwa wamejenga kwanza Lukuledi, mwaka wa 1895. Nyumba zile ziliharibiwa katika vita vya Maji Maji mwaka wa 1905, na mwaka wa 1906 walianza kazi Ndanda, wakajenga na hospitali. Hospitali haiwezi kusimama pasipo maji yasiyokoma. Basi mahali pale palikuwa pamekwisha kuchaguliwa na mawe zamani, kabla mtu hajapachagua. Na chemchemi za Mbwinji, za upande huo huo wa nchi, ndizo zilizotegwa katika miaka yetu hii, maji yakapelekwa kwa mabomba mpaka miji ya Masasi na Nachingwea.

Baada ya Ndanda nchi hubadilika. Ukuta wa mawe ya mchanga hubaki nyuma, na mbele yako huonekana uwanda wenye vilima vya jabali tupu, kimoja hapa, kimoja pale, kama visiwa baharini. Hivi ndivyo vilima vya Masasi. Mjerumani mmoja mtaalamu wa mawe, Wilhelm Bornhardt, aliyezunguka katika nchi hizi mwishoni mwa karne ya 19, aliviita Inselberg katika kitabu chake cha mwaka wa 1900, maana yake mlima wa kisiwa. Tangu siku ile wanafunzi wa dunia nzima hulitumia neno hilo.

Jabali lile si jiwe la mchanga. Ni mwamba wa kale mno uitwao naisi, uliopikwa na kukunjwa kwa joto ndani ya tumbo la dunia zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ukiuvunja utaona milia myeupe na myeusi. Na tabia yake kwa maji ni kinyume cha mawe ya mchanga. Naisi nzima hainywi maji hata tone. Maji hukaa katika sehemu mbili tu: katika nyufa za mwamba, na katika ngozi yake ya juu, ambapo mwamba umeoza kwa mvua na jua na kugeuka changarawe na udongo. Ngozi hiyo mahali pengine ni nene, mahali pengine ni nyembamba kama ganda la yai. Ndiyo sababu mtu mmoja huchimba akapata maji, na jirani yake, kwa hatua hamsini tu, huchimba akakuta jabali kavu. Hapana uchawi hapo. Mmoja amekuta ngozi nene au ufa, mwingine amekuta mfupa.

Nchi ya Nachingwea imelala juu ya mwamba huo wa kale. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 400 juu ya bahari. Mvua huja mara moja kwa mwaka, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Kisha ni miezi sita mikavu. Mji huu ulikua kwa sababu ya karanga. Mwaka wa 1946 Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu wachache, kiongozi wao John Wakefield, watafute mashamba ya karanga katika Tanganyika. Nao kwa majuma machache walitazama nchi kubwa, na sehemu yake waliitazama kutoka katika ndege. Mwaka wa 1947 kazi ilianza. Shauri lilikuwa kulima eka zaidi ya milioni 3, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, na penginepo Afrika, na huku kusini ndiko kulikotengewa sehemu iliyo kubwa kuliko zote. Yakaletwa matrekta, ikajengwa reli kutoka hori ya Lindi, ikaanzishwa bandari ya Mtwara. Lakini ardhi haikuulizwa kwanza. Kule Kongwa mvua ilikosekana, na udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa mgumu kama saruji. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ilikubali kushindwa, na paundi milioni 36 zikahesabiwa kuwa zimepotea. Reli nayo ilifungwa mwaka wa 1962. Leo iko kata ya Nachingwea iitwayo Stesheni, lakini hapana treni.

Nayasimulia haya si kwa kuwacheka wageni. Sisi wenyewe tulifanya vivyo hivyo baadaye. Katika miaka ya 1973 mpaka 1976, wakati wa kuhamishiwa vijijini, watu wengi wa Tanzania walijengewa vijiji kando ya barabara, ili wawe karibu na shule na zahanati. Nia ilikuwa njema. Lakini barabara hupenda migongo ya nchi, mahali pasipotuama maji. Na mgongo wa nchi ya naisi ndipo mahali ambapo ngozi ya mwamba mara nyingi ni nyembamba. Basi watu waliacha mabonde ya babu zao yenye visima, wakapata barabara, wakakosa maji. Hata Wafini waliokuja kusaidia mikoa ya Mtwara na Lindi katika miaka ya 1970 na 1980, wakachimba visima vingi vya bomba la mkono, iliwapasa kutafuta mabonde kwanza.

Sasa nimefika Mtua. Nilimkuta ndugu yangu mzima, mikorosho yake imechanua, na mkewe amelala mchana. Nikashangaa, kwa kuwa mwanamke yule si mvivu. Ndugu yangu akasema, "Usimlaumu shemeji yako. Ameondoka nyumbani saa tisa za usiku kwenda kisimani." Nikauliza, "Mbona usiku?" Akajibu, "Kesho nenda ukaone."

Basi usiku ule nilifuatana na shemeji yangu na binti yake mkubwa, mwenye miaka 12. Tulishuka mpaka kwenye kijito cha mchanga. Hapakuwa na maji ya kuonekana, ila mchanga mweupe katika mwanga wa mwezi. Katikati ya mchanga mlikuwa na shimo, kina chake kama kimo cha mtu, na wanawake wanane wameketi kando yake na ndoo zao. Chini ya shimo maji yalichuruzika kidogo kidogo. Mmoja akishuka na kata, akijaza ndoo yake, wengine hungoja maji yakusanyike tena. Yule afikaye wa kwanza hupata maji safi yaliyojikusanya tangu jioni. Afikaye kumi hupata tope. Binti yule alirudi nyumbani jua limekwisha kupanda, akaoga uso, akakimbia shule. Nikaambiwa kwamba mwezi ule alikuwa amechelewa karibu kila siku.

Siku ya pili nilimwendea mzee mmoja jirani, mtu wa miaka zaidi ya 80. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia umekwenda kutazama shimo letu." Nikamwuliza kwa nini watu hawachimbi kisima cha kudumu. Akacheka, akanionyesha kwa fimbo mahali juu, karibu na nyumba ya mikutano. "Kisima kile pale. Walichanga fedha, wakamleta fundi. Mimi nilisema, wakaniambia mzee umepitwa na wakati. Wakachimba kwa siku ishirini, wakafika jabali, fundi akachukua ujira wake akaenda zake. Mbuzi aliangukia humo mwaka jana. Hayo ndiyo matunda yake."

Kisha alinichukua mpaka kijitoni, hatua mia mbili chini ya lile shimo la wanawake. Hapo mwamba wa naisi umekatiza kijito kutoka ukingo hata ukingo, kama kizingiti cha mlango. Akasema, "Tazama. Mchanga ndio mtungi, na jabali hili ndilo ukuta wake. Maji ya masika hushuka chini ya mchanga, yakifika hapa huzuiliwa. Juu ya kizingiti ndipo maji yanapokaa. Ukichimba chini ya kizingiti, hupati kitu. Ukichimba mbali juu, mtungi hauna kina. Baba yangu alichimba hapa ukingoni, nasi hatukukosa maji mpaka tulipohamishwa." Nami nikaona kwamba mzee yule asiyejua kusoma alikuwa ameisoma ardhi. Huko Kitui, katika Kenya, watu hujenga kuta za mawe na saruji katika vijito vya mchanga, ili wapate vizingiti vya namna hiyo mahali ambapo ardhi yenyewe haikuviweka. Hapa Mtua kizingiti kilikuwapo bure.

Lakini palikuwa na tatizo. Ukingo ule sasa ni shamba la mama mmoja mjane, na nyumba yake iko hapo juu kidogo. Jioni wazee walikutana, mama yule akaitwa. Akasema bila hofu: "Mlipochimba kule juu hamkuniuliza. Mmekosa, sasa mwaja kwangu. Mkipata maji, ng'ombe watapita katika mihogo yangu, na watoto watavunja mikorosho ya marehemu. Nami mtaniita mchoyo nikinung'unika." Watu wakanyamaza, maana yote aliyosema yalikuwa kweli.

Tena mwalimu wa shule akaongeza jambo zito. Choo cha mama yule kilikuwa hatua kumi na tano tu kutoka mahali pa kisima, tena upande wa juu. Akaeleza kwamba maji yapitayo katika mchanga huchukua uchafu pia, na kwamba choo lazima kiwe mbali na kisima, walau mita 30, tena upande wa chini wa mteremko. La sivyo kisima kitaleta kuhara na kipindupindu badala ya afya. Mwingine akasema kwa haraka, "Basi avunje choo chake." Mzee akamkemea: "Huwezi kumwomba mtu maji na kumvunjia nyumba kwa mdomo mmoja."

Shauri lilichukua siku mbili. Mwishowe walipatana hivi: kijiji kitamchimbia mama yule choo kipya upande wa chini, na kile cha zamani kitafukiwa, njia moja itakatwa na kuzungushiwa ua wa miti, hori la ng'ombe litawekwa chini ya kizingiti, hapana mtu atakayefua nguo kisimani, na mama mwenyewe atakuwa mmoja wa watunzaji, ashike ufunguo wa mfuniko. Aliposikia habari ya ufunguo alicheka mara ya kwanza, akasema, "Hapo sasa mmeniuliza."

Asubuhi ya siku ya tatu vijana walileta chuma chembamba kirefu, wakakipigilia ardhini ukingoni mahali patatu, kabla ya kutia jembe hata moja. Mahali pa kwanza chuma kiligonga mwamba upesi, nacho kilitoka kikavu. Mahali pa pili vilevile. Mahali pa tatu, karibu na kizingiti, kilizama kimo cha watu wawili; walipokichomoa, ncha yake ilikuwa imelowa na kushikamana na mchanga. Mzee alikigusa kwa kidole akakaa kimya. Wakaanza kuchimba siku ile ile, maana Oktoba ndio mwezi wa kuchimba. Maji yakiwa chini kuliko siku zote, kisima kitakachofikia maji hayo hakitakauka upesi. Bali achimbaye wakati wa masika hufurahi mapema, akalia wakati wa kiangazi.

Sikuweza kungoja mwisho. Mwezi wa Januari ndugu yangu aliniandikia kwamba kisima kimejengwa kwa pete za saruji, kina mfuniko, na binti yake hachelewi tena shuleni. Lakini aliongeza maneno ya mzee: "Mwambie mgeni asiandike sifa bado. Januari kila shimo lina maji. Na aulize Oktoba."

Basi na tuulize Oktoba. Serikali imeanza kazi ya kuleta maji ya mto Nyangao kwa vijiji vya Ruangwa na Nachingwea, nasi twafurahi. Ila bomba halifiki kila mlango kwa siku moja, na visima vya mabonde vitahitajika bado. Nawe msomaji, ikiwa kwenu mnakusanya fedha za kuchimba kisima, msianze na fundi. Anzeni na mzee aliyekaa hapo kabla ya barabara, mwulizeni maji yalikuwa wapi mwaka wa ukame. Tazameni mwamba umetokeza wapi, pigilieni chuma mahali patatu, pimeni umbali wa vyoo. Tena mwulizeni mwenye shamba kabla hamjaishiwa na mahali pengine pa kuchimba.